Kati ya Wadakaji Watatu Amebaki Murshid

Bawshar, Maskati
Jumamosi, 22 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Nawar,

Assalaam alaykum, na shikamoo kutoka kwa mdogo wako ambaye mvi zimemjaa kichwani lakini mbele yako bado kitoto. U hali gani? Goti linakusumbua ukipanda ngazi? Na presha je? Aseel ananambia unakula muhogo wa chumvi nyingi ukiona tu yeye katoka. Usikatae, nnakujua tangu tuko wadogo hapo Tabora, na bintiyo huyo hana tabia ya kusingizia watu.

Sie huku tunakwenda kidogo kidogo. Khole anakusalimu sana, mgongo umemtulia tangu joto lilipopungua, na jioni tunaweza kukaa uani tukanywa chai kama watu. Mie mwili mzima, alhamdulillah. Roho ndo haikutulia, na sababu utaiona hapa chini.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi. Simu yako inashikwa na kila mtu nyumbani, na nikituma sauti kwenye kikundi cha familia, kabla hujaisikia wewe itakuwa imeshafika Bujumbura na kurudi. Hili nataka ulisome wewe mwanzo, umekaa. Jirani yetu Masouda anakuja Tabora Jumatatu kwenye harusi ya kwao, atakukabidhi mkononi.

Ni khabari ya mwanao Murshid. Yu hai, anakula, anasali, usiitupe barua. Lakini ameumia kichwa, na ameumia ndani ya timu yangu, kwa makosa yangu mie.

Nnajua besiboli hukuipenda tangu niliporudi nayo Marekani masomoni. Ulipokuja kututembelea ulikaa uwanjani nusu saa, kisha ukaniuliza mchezo unaanza lini, na watu walikuwa wameshacheza robo yake. Basi nikueleze jambo moja tu, mengine achana nayo. Kuna mtu anaitwa mdakaji. Huyu anachuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa barakoa ya chuma usoni na kinga kifuani, na kazi yake ni kudaka kila mpira unaorushwa. Mia na zaidi kwa mchezo mmoja. Mpira wenyewe mgumu, na mpigaji akiuparaza kidogo tu kwa gongo unamjia mdakaji usoni kabla hajapepesa jicho. Ndo maana timu yenye akili huwa na wadakaji watatu wakapokezana. Akiba haiozi.

Mwezi wa tisa tulikuwa nao watatu. Wa kwanza Mulindwa, Mganda anayefanya kazi gereji kule Wadi Kabir, aliyejifunza besiboli shuleni kwao. Huyo hapitwi na kitu. Wa pili Marhoon, wa hapa hapa Bawshar, mzito wa miguu lakini hachoki. Wa tatu Murshid wako, mwepesi, mwerevu, bado anajifunza. Nikiwaangalia watatu wale nilikuwa sina wasiwasi na msimu.

Ligi yetu ya Ijumaa ni ndogo, timu nne tu, na katikati ya msimu tunaruhusiana kubadilishana wachezaji. Vijana wetu wakaona hatuna mrushaji wa maana, na Wadi Kabir walikuwa na Mjapani mmoja mwenye mkono wa ajabu. Wenyewe wakasema watamtoa wakipewa Mulindwa. Nikapinga. Nikasema mdakaji hatolewi, nikasema mpaka koo likanikauka. Vijana wakanambia, Ami Hamoud, wamebaki wawili, unaogopa nini? Mwisho nikakubali. Mulindwa akaenda, Mjapani akaja, tukaanza kushinda, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mie.

Kosa la kumtoa Mulindwa tuligawana wengi. Yaliyofuata ni yangu peke yangu.

Mzee Msellem unamjua. Ndiye aliyempokea baba tulipohamia huku wewe ukabaki na mumeo, akatupa vyumba viwili nyumbani kwake mwaka mzima bila ya kutuuliza tunatoka lini. Wanawe wana timu yao Al Khuwair. Basi alikuja hapa Alkhamisi moja baada ya Alasiri, peke yake, kavaa joho na kilemba kama anayekuja kuposa. Khole akaleta halua, nikammiminia kahawa. Akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, hakukigusa.

Dada, maana yake huku ni moja. Mgeni ana haja, na hanywi mpaka apewe. Nikadhani anataka mke kwa mjukuu wake. Kumbe mdakaji wao kamaliza mkataba wa kazi karudi kwao, wanawe hawana mtu, na anamtaka Marhoon. Kahawa inapoa baina yetu, na mie namuona baba yangu amesimama mlangoni kwa mtu huyu na masanduku yake mawili. Nikasema, "Kunywa, Mzee Msellem, umepewa." Akanywa vikombe vitatu, akaniombea dua, akaondoka. Marhoon mwenyewe hakuulizwa mpaka kesho yake. Alinuna siku mbili, kisha akenda kwa kunistahi mie tu.

Khole alikuwa kasikia yote. Akaniuliza, na Murshid atapokewa na nani? Nikamjibu haya mambo ya wanaume. Hivo ndivo nilivyomjibu mke wangu, mie mpumbavu, na hadi leo hajanisuta hata kwa neno moja. Afadhali angenisuta.

Tangu siku ile Murshid anadaka peke yake, mchezo wote, kila Ijumaa, na mazoezi kati kati ya wiki. Tarehe kumi na saba Oktoba mpira ulimpiga kwenye barakoa mpaka chuma kikapinda. Akakaa chini kidogo, akainuka, akacheka. Watu wakapiga makofi, na mie nikapiga. Sikumtoa. Nimtoe nimuweke nani?

Wiki tatu baadae mkimbiaji mmoja wa timu nyengine, pande la mtu, alimvaa mbio mbio wakagongana, Murshid akaanguka kisogo. Dakika mbili nzima nnamwita hajibu. Wallahi, dada, katika dakika mbili zile nilikuwa nnatafuta maneno ya kukwambia, na sikuyapata.

Hospitali wakampima. Daktari, mama mmoja mpole, akanambia ubongo umetikisika mara mbili kwa muda mfupi. Apumzike mwezi, asifanye kazi ya kutumia kichwa, asidake tena msimu huu. Akipigwa tena kabla hajapona huenda asirudi kuwa yule tunayemjua. Murshid akaniomba nisikwambie, ati utapandisha presha bure. Nikakubali, na kila uliponipigia nikakujibu mtoto mzima. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine.

Siku ya nne akarudi kazini kwake, lile duka la dawa Al Khuwair, ati wafamasia wako wachache. Na juu ya hayo, sie tumeingia fainali. Ni Ijumaa hii ijayo, na tunacheza na nani? Na wana wa Msellem. Marhoon atakuwa upande ule anadaka, na upande wetu hakuna mtu ila mgonjwa.

Nimehangaika, usidhani nimekaa tu. Nimekwenda Wadi Kabir kumuomba Mulindwa kwa siku moja, wakasema muda wa kubadilishana umepita, na kweli umepita. Tukamjaribu kijana mwengine. Mpira wa tatu ulimgonga kidole, akavua glavu, akaaga kwa adabu, hatujamuona tena. Nikaendesha gari mpaka kwa Msellem. Nikafika mlangoni, nikakaa ndani ya gari robo saa, nikageuza nikarudi. Nitamwambia nini? Kwamba nilichompa kwa ulimi wangu nnakitaka?

Murshid ndo kabisa. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nani atadaka, mjomba?" Tena anajibu kwa upole, hana ujeuri. Na nikwambie ukweli, dada, maana ukiusikia kwa mwengine hutonisamehe: kuna pahala ndani ya moyo wangu nilifurahi aliposema hivo. Miaka kumi na tisa nnaishughulikia timu hii, na fainali hatujapata kuiona hata mara moja. Ulinikabidhi mtoto akiwa na miaka kumi na minane, ukanambia huyu amana yako, na mie nnahesabu nani atachuchumaa nyuma ya mpigaji. Najionea haya.

Ndipo nilipokaa kukuandikia. Nakuomba umwambie, siku barua itakapokufikia, kwamba huna radhi naye akiivaa tena ile barakoa. Nnajua neno hilo zito, na mzazi halitoi ovyo. Lakini mie hanisikii, na wewe hajapata kukuasi.

Dada, niliacha hapo asubuhi. Sasa nimeshasali Adhuhuri, na mambo si yale tena.

Murshid aliniletea kifurushi chako, dawa za presha za miezi mitatu kama anavyokuletea siku zote, akaniomba nikifungashe pamoja na barua nimpe Masouda. Khole akataka tutie na ubani wako humo humo, basi nikakifungua. Visanduku sita. Mie si mfamasia, lakini visanduku vile nnavijua kwa rangi, maana vidonge hivyo hivyo nnavimeza mwenyewe huu mwaka wa kumi. Ni dawa za kushusha sukari. Wewe sukari huna, na asiyekuwa nayo zinaweza kumuua. Na juu ya kila kimoja kabandika karatasi, mwandiko wake ule mzuri: Mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nilikaa chini. Nikawaza Aseel anakuamsha asubuhi na wewe huamki. Lo! Na ungemeza bila ya kuuliza, kwa sababu zimetoka kwa mwanao.

Nilipopata pumzi nikampigia simu msimamizi wa ligi, nikamwambia Bawshar haitocheza fainali. Akaniuliza sababu, nikamwambia hatuna mdakaji. Akasema lakini mnaye. Nikamwambia hatunaye, nikakata. Vijana wa timu wamekuwa wakinipigia tangu hapo. Mmoja ameniita msaliti, kisha akaomba radhi, kisha akaniita tena. Mjapani wetu kaniandikia tu kwamba anasikitika. Wasikitike wote. Kikombe atakichukua Msellem bila ya kutoka jasho, na namuombea kheri nacho.

Nimeshazungumza pia na mkubwa wa Murshid pale dukani. Kesho tutakwenda pamoja, watapekua kila dawa aliyoitoa tangu aliporudi kazini, na yeye atakaa nyumbani mpaka daktari aseme. Kama kuna mtu kadhurika nitakwenda mwenyewe kwa watu wake. Bado sijui, na kutojua huku ndo kunaniua.

Dawa atakazokupa Masouda nimezinunua mie leo, duka jengine, na mfamasia wa pale kazikagua mbele ya macho yangu. Hata hivyo usimeze kitu mpaka Aseel azipeleke hospitali zisomwe. Zile za nyuma ulizonazo alikuletea mwezi wa nane, kabla hajaumia, lakini nazo Aseel azipeleke.

Basi lile nililokuomba la radhi liache, ulifute. Usimnyime mtoto radhi kwa kosa la mjomba wake. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa ni mie, na nitaipokea simu yako nikiwa nimesimama.

Salamu zangu zimfikie Aseel, na mwambie ahsante kwa kukuchunga na chumvi. Wasalimie shemeji, na majirani wa upande wa msikitini wanaoniulizia. Khole anakuombea, na anasema goti ulikande kwa mafuta ya moto. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya na umri, na akuondoshee shari ambazo sie wenyewe tunakutengenezea kwa mapenzi.

Jambo la mwisho, kisha nnafunga. Visanduku vile nilimuonesha Murshid. Alisoma jina la dawa, akakigeuza kimoja, akasoma tena, rangi ikamtoka usoni. Akaniuliza, "Mama kashazimeza?" Nikamwambia hapana, hazikutoka humu nyumbani. Akashukuru, akalia. Baada ya dakika kumi akaja kuniuliza, "Mama kashazimeza?" Nimeshamjibu mara tano, dada, na kila mara anashukuru na kulia kama ndo kwanza anasikia. Ukimaliza kusoma mpigie simu. Usimgombeze, wala usimuulize kitu. Zungumza tu asikie sauti yako, na akikuuliza, mjibu kila mara.

Ni mie mdogo wako nikupendaye, nisiyeilinda amana yako,

Hamoud