Pipa la Maji Si Mutumbwi

Kalemie

Mama yangu mupendwa,

Goti lako linakuachia usingizi sasa? Na Papa, kile kikohozi kilimutoka, ao anakuficha tu? Sisi huku tunapumua, Mungu anatuchunga. Mujukuu wako Sifa ameanza kutembea na hakai chini tena. Ningepiga simu, lakini habari hii nikiisema kwa mudomo nitapaza sauti na majirani wote watasikia. Mudogo wangu akusomee polepole, asiruke hata neno moja.

Nina hasira, Mama. Ninalala nayo, ninaamuka nayo.

Hapa nyumbani tuna pipa kubwa la plastiki, la bluu. Maji ya robine, ya bomba, huku yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Yakija tunajaza pipa, yakikatika tunakunywa ya pipa. Njo hivyo Sifa alipona. Ile mara alipohara mupaka macho yakaingia ndani, muganga wa hospitali aliniambia: maji ya ziwa yasiingie tena katika kinywa cha huyu mutoto. Basi ujue pipa hilo ni nini kwangu.

Shemeji Asukulu, mudogo wa bwana yangu, anakaa kwetu. Alilibingirisha ili apate nafasi ya nyavu zake, likagonga jiwe, likapasuka karibu na kitako. Ufa wa urefu wa kidole. Nilienda kununua kole, gundi ya kuziba.

Ile ya kichupa kidogo ilikauka ngumu kama kioo, nikafurahi, nikatia maji, ikabanduka kama gamba la samaki. Ile ya kuziba mipira ya baiskeli nikaivuta kwa kucha, ikatoka yote. Ya tatu ni kole ya tuyo, yale mabomba ya maji, muuzaji akaapa kwamba inashika hata mulango wa kanisa. Kweli inashika tuyo. Ilishika na vidole vyangu. Ikalikataa pipa tu.

Nikatoka kuuza samaki wadogo, ndagala, sokoni. Kurudi, namukuta Asukulu amelaza pipa, ana patasi na nyundo, anakalafati. Ndiyo, Mama, kama wanavyofanya mitumbwi kule kwetu. Alipanua ule ufa kwa patasi, akausokomeza pamba yenye mafuta ya mawese. Mbao inakunywa maji, inavimba, inabana pamba. Plastiki itavimba wapi? Ufa wa kidole ulikuwa sasa tundu la kuingia yai, na pipa lote linanuka mawese.

Akaniambia, "Tulia, shemeji. Mutumbwi wangu unafika Kigoma na pamba hii hii."

Nikamujibu, "Mutumbwi unataka maji yasiingie. Mimi nataka yasitoke."

Papa Sifa alikuwa pale mulangoni. Alicheka. Bwana yangu mwenyewe, Mama, alicheka, akasema ni pipa tu, na ziwa liko pale limejaa. Nilimutazama nikaona afazali nisiiokote ile nyundo, kwa sababu nilikuwa na mutoto mugongoni.

Kesho yake nilichukua kipande cha pipa kilichomeguka kwa patasi, nikazunguka nacho soko nzima. Mama mumoja anayeuza misumari na rangi alikikwaruza, akanieleza kwamba plastiki ya mapipa na ya bidoni, madumu ya maji, ni kama ina mafuta ndani yake, kole haipati pa kushika. Lazima uioshe, uikwaruze na karatasi ya msasa, halafu uipitishe moto mbio mbio, isiyeyuke, na upake palepale ile kole ya kuchanganya, yenye mirija miwili. Akasema na yeye hana hakika, nijaribu kwanza kwenye bidoni iliyokufa.

Nikajaribu. Pasipopita moto, kole ilitoka kwa kucha. Palipopita moto nilivuta kwa koleo, plastiki ikapinda, kole ikabaki. Nilitaka kulia kwa furaha, halafu nikakumbuka mawese. Kuyatoa tu kulinimaliza mikono: maji ya moto, sabuni, majivu, sabuni tena. Nikakata kiraka katika ile bidoni, nikakibandika juu ya tundu kwa inje, na moto na kole ile ile, nikasema muntu asiliguse pipa mupaka kesho.

Wakati pipa linakauka, maji safi yakaisha. Sifa analia kiu. Bwana yangu akaonyesha ndoo ya maji ya ziwa tunayooshea sahani, akasema nimupe kidogo, siku moja haiui.

Nilichukua kikombe cha Sifa, nikachota ndoani, nikakiweka mezani kati yake na Asukulu.

"Anzeni nyinyi," nikasema.

Asukulu akageuka kutafuta kofia yake. Papa Sifa akakitazama kikombe. Halafu akasimama, akachukua bidoni, akaenda kupanga mustari kwenye robine ya mutaa wa pili, katikati ya wanawake, na walimucheka sana. Alirudi na maji. Nilimunywesha Sifa, lakini baba yake sikumwambia asante.

Pipa halivuji sasa, napitisha mukono kila asubuhi. Asukulu anasema ni pamba yake ilisaidia. Nimemukataza kulikaribia. Usinitumie shauri la kusamehe, Mama, bado ni mapema. Nitasamehe, unanijua, lakini kwanza wanisikie.

Nisalimie Papa, na bibi anayekaa kwa jiko, na shangazi muzalisha, na mudogo wangu anayesoma hii. Mama mukwe wangu ukimukuta kanisani, umusalimie kwa heshima yote. Habari za wana wake usimupe. Nitakuja kumupa mwenyewe.

Mutoto wako anayekupenda,
Riziki, Mama Sifa