Flashi ya Recho

Jumamosi, 5 Machi 2016

Usafi wa kompyuta, kama kila Jumamosi — baada ya kufagia uwanja, kabla ya chai. Kitambaa cha kuifunikia kimekung'utwa, kioo kimefutwa, vumbi la nyuma limepulizwa. Nimekagua programu zote mbili za kuzuia virusi: ile iliyokuja na mashine na ile niliyoiongeza mwenyewe. Binti yangu Erica hunikataza kwa simu kutoka Dodoma. Moja inatosha, Baba, na uiache ijisasishe kila siku. Sikubaliani naye. Geti lenye walinzi wawili ni salama zaidi. Modemu nayo nimeichomoa tangu mwaka jana. Bando ni ghali, na maradhi ya kompyuta hupitia mtandaoni. Mashine isiyotoka nje haiugui. Alama nyekundu pembeni mwa kioo inawaka daima — mlinzi yuko macho.

Mchana alikuja Domitila, kiongozi wa jumuiya yetu, pamoja na mgeni wake. Mgeni anaitwa Recho. Ni Mrundi, ametoka kambini kwa kibali cha kutibiwa mguu, na analala kwa Domitila mpaka hospitali imruhusu. Alinisalimu kwa kupiga goti, lile zima.

Alifungua pindo la kitenge akatoa flashi. Ndani yake mna picha ya binti yake, Agnesi. Walipotezana mwaka jana ufukweni Kagunga, watu walipokuwa wakisukumana ndani ya maji wapelekwe melini. Simu iliyopiga picha hiyo ililowa ikafa. Nakala nyingine haipo. Sasa watu wanaotafuta jamaa waliopotezana wanataka picha ya karatasi, ibandikwe katika kambi zote. Gari lao linaondoka Alhamisi, tarehe 17.

Studio za picha zipo Mwanga, katikati ya mji. Lakini Domitila alimwambia kwamba kompyuta yangu ndiyo safi kuliko zote hapa Ujiji. Sikumkanusha.

Niliifungua picha. Mtoto wa miaka sita hivi, sweta la njano, dumu mkononi, anakodoa macho kwa sababu ya jua. Wino wa printa umekauka. Nikamwambia Recho aniachie flashi, nitanunua wino.

Jumapili, 6 Machi

Baada ya misa nimeichomeka tena ile flashi. Picha haionekani kama jana. Badala yake kuna kialama chenye mshale mdogo. Flashi ni mgonjwa!

Sikubabaika. Nilikinakili kile kialama chenye jina la picha kwenye kompyuta — mimi si mzembe — kisha nikaifomati flashi, ikawa tupu na safi. Kuirudisha tupu niliona si uungwana. Nikaijaza masomo yangu ya Kiswahili sanifu ya enzi za ualimu, ya maandishi na ya sauti, mpaka nafasi ikaisha. Yatamfaa. Kiswahili chake cha Bujumbura kinanikereketa masikio.

Jioni jumuiya ilisali hapa kwangu. Nikawasimulia habari ya flashi. Nikaongeza: "Mwaka jana walitushushia kipindupindu, mwaka huu virusi vya kompyuta." Walicheka sana. Domitila hakucheka. Nilipogeuka nikamwona Recho mlangoni, ameinama, anavua viatu.

Jumatano, 9 Machi

Wino umepatikana. Nikabofya picha niliyoinakili. Kompyuta ikajibu kwamba kitu hicho hakipatikani. Nikabofya tena. Na tena.

Nikampigia Erica. Akaniuliza kama nilichonakili kilikuwa na mshale. Nikasema ndiyo. "Baba, mshale ule ni kibao cha njiani tu, kinaonyesha nyumba ilipo. Umebeba kibao, nyumba umeibomoa." Akaniuliza kama nimeweka kitu kingine chochote kwenye flashi baada ya kuifomati. Nikamwambia simu inaishiwa chaji.

Recho alikuja jioni kuchukua picha. Nilimwambia flashi yake ilikuwa na maradhi, na maradhi yameila picha. Nilisema kwa sauti ya darasani.

Nilitegemea atalia. Alinishika mikono yote miwili. "Munisamehe, mutama, muzee wetu. Sikujua kama kinaumwa. Nimeleta ugonjwa mu nyumba yenu."

Kisha akauliza: "Na kompyuta yenu, imepona?"

Nikamjibu kwamba imepona, nikamrudishia flashi yake yenye masomo.

Alhamisi, 10 Machi

Nimefagia uwanja mara mbili. Mashine sikuiwasha. Kwaresima hii nimefunga nyama na sukari.

Jumamosi, 12 Machi

Leodgar, fundi wa kompyuta wa Mwanga, amekuja bila kuitwa. Kwaya ya parokia imempelekea flashi zake, zote zina mishale. Alivuta kiti kabla sijamkaribisha.

"Mzee Benedict, shikamoo. Kwaya nzima inaumwa, na kwaya nzima imepita kwako kuchapisha nyimbo. Nimekuja kumwona mgonjwa mwenyewe."

Nilimwambia flashi ya mkimbizi ndiyo iliyoleta. Aliitazama mashine kwa muda, anatafuna kijiti, anabofya. Akacheka.

"Hii nyekundu ulidhani ni nini?"

"Mlinzi."

"Ni mlinzi, Mzee wangu, sema anapiga yowe. Toka mwaka jana hajasasishwa, hamjui mwizi yeyote mpya. Umemfungia ndani bila taarifa. Na hawa wawili uliowaweka pamoja wanashikana mashati wenyewe kwa wenyewe, mdudu anapita katikati anawapungia mkono."

Akanionyesha tarehe. Virusi vimo humu tangu Desemba, viliingia na flashi nyingine. Recho aliletwa mjini mwishoni mwa Februari.

"Kwa hiyo flashi ya yule mama?"

"Ilikuja nzima. Hapa kwako ndipo imeugulia. Na picha ilikuwamo muda wote, ilifichwa tu. Ungeniita, ningeifichua kabla chai haijapoa."

Ilikuwamo. Niliposema flashi ni mgonjwa, mtoto alikuwamo.

Ameondoa programu moja, ameacha ile iliyokuja na mashine. Ameirudisha modemu, tukasubiri kinga ijisasishe. Bando la mwezi nililolinunua papo hapo likaenda lote. Ameagiza kila flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, na kila kilicho muhimu kiwe na nakala mahali pengine. Kuhusu kitambaa changu cha maua alisema kinafaa kwa mashine iliyolala. Ikiwa inafanya kazi kinaiziba pumzi. Yote hayo Erica alikwisha kuniambia. Nilikuwa nikimsahihisha matamshi.

Jumapili, 13 Machi

Jumuiya ilisali kwa Domitila. Niliazimia kusema baada ya somo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi.

Kabla sijasimama, mwenzangu mmoja akaniuliza kama mashine imepona "homa ile ya Warundi". Wakacheka. Ni kicheko kile kile, mimi ndiye niliyewapa. Recho naye alitabasamu, kwa adabu, akaendelea kugawa vikombe. Anachechemea zaidi ya juzi.

Sikusema.

Jumanne, 15 Machi

Nimekwenda kwa Domitila kuiomba flashi. Domitila aliuliza ya nini. Nikasema kuna jambo la kukamilisha. Alinitazama bila kupepesa.

Recho hakuuliza. Aliitoa katika pindo lile lile la kitenge. Akasema amekuwa akisikiliza masomo yangu kwenye redio ya Domitila, ile inayochomekwa flashi. "Mutama munasema vizuri. Murakoze, asante."

Nikaipeleka Mwanga. Leodgar ana programu ya kurudisha vilivyofutwa. Hakuniahidi kitu. "Hapa nabahatisha tu, Mzee. Ukishafuta, usiandike juu. Wewe umeandika mpaka ukingoni." Kioo kikaanza kuorodhesha vipande. Karibu vyote vimefunikwa na sauti yangu. Leodgar alikigusa kimoja kwa bahati mbaya, nikaisikia sauti yangu kibandani pale, mbele ya wateja wake, ikifundisha namna ya kuomba radhi kwa ufasaha. Leodgar aliizima. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Mwishoni pakatokea kipande cha picha. Nywele, paji la uso, macho mawili yaliyokodolewa kwa sababu ya jua. Kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu.

Nikampigia Erica nikamwambia haifai kumpelekea mama nusu ya uso wa mwanawe. Nilimwambia ni ukatili.

"Kama macho yanatosha, atasema mama yake," Erica akajibu. "Wewe huna cha kuamua hapo, Baba. Wewe kampe. Na umwambie nani alifuta."

Jumatano, 16 Machi

Nimekiweka kipande kile kwenye kompyuta, na nakala kwenye flashi nyingine mpya. Kinga imejisasisha yenyewe asubuhi. Alama nyekundu haipo tena. Nimekichapisha. Kimetoka vizuri, yaani kama kilivyo. Gari linaondoka kesho.

Tangu saa nne nimeketi mbele ya mashine. Karatasi imelala kifudifudi juu ya meza. Nilisema nitakwenda kwa Domitila kabla ya adhuhuri. Adhuhuri imepita. Nilisema baada ya chakula. Sikupika.

Wanakuja wao. Nawaona dirishani, kwenye njia ya upande wa michikichi. Recho ametangulia, anachechemea, ana kitu cheupe kifuani. Ni kitambaa cha kufuma, kipana, chenye vishada pembeni.

Wamesimama uwanjani. Domitila hajui kunong'ona.

"Leodgar kanieleza yote. Usimpigie goti huyo leo."

Recho akamjibu kwamba mimi ni mtu mkubwa, na kwamba amefuma kitambaa hiki cha kufunikia kompyuta, isipate ugonjwa tena kwa sababu yake.

"Hujamwelewa Leodgar," Domitila akasema.

"Nimemuelewa. Nangojea mutama aseme mwenyewe."

Nimekiondoa kitambaa changu cha maua juu ya mashine. Nimeigeuza ielekee mlangoni. Macho ya Agnesi yamejaa kioo kizima.

"Hodi." Ni sauti ya Recho. Nimefungua kinywa kusema karibuni. Badala yake nimeigeuza karatasi, macho juu.

Hodi ya pili. Anayebisha mara tatu bila kujibiwa huondoka zake. Recho ni mtu wa adabu.