Poda ya Babu

Mke wangu mdogo, mpambaji wa maharusi,

Pokea salamu za mumeo kibogoyo. Kuku wametaga, na shangazi yako bado anakoroma kama gari bovu.

Juzi kwenye simu ya video ulinicheka: "Babu, umepaka poda? Mbona unang'aa kama sufuria? Futa mafuta kwanza kwa karatasi laini, halafu poda uigandamize kidogo kidogo, usisugue!" Nikakujibu najipamba nikuletee mke mwenza. Uongo mtupu. Shangazi yako alinipaka mafuta ya mtoto, kisha poda juu yake, ikateleza yote mpaka shingoni.

Tulikuwa tunaficha rangi ya njano, mjukuu wangu. Ini limechoka, na daktari anasema halirudi tena. Sikutaka uache kazi uje kulia.

Sasa nimefuata mafunzo yako na poda inakaa vizuri. Lakini macho hayapakwi poda, nayo ni kama kiini cha yai. Basi njoo. Nataka unipake wewe, nikiwa bado na mdomo wa kukulalamikia.

Ni mimi, mzee wako anayeng'aa.