Shangazi wa Mwala

Mpendwa dada yangu Mwende,

Pokea salamu zangu kutoka huku Machakos. Jua ni kali lakini mimi niko sawa. Unajua tangu nistaafu nimekuwa nikitafuta majina ya ukoo wetu. Basi jana, huku Mwala, nilielekezwa kwa mama mzee anayefuga mbuzi, nikaambiwa ni binti wa babu yetu, kwa yule mke wa pili ambaye Baba hakumtaja hata siku moja. Mwende, ana pua ya Baba kabisa!

Alinipakulia muthokoi na kunde, nami nikala huku nikimuuliza: baba yake babu aliitwa nani, walihamia kutoka wapi. Alinijibu kwa subira. Nilipomaliza, naye akaniuliza lake:

"Na kaka yangu, hajambo?"

Ikabidi nimwambie kwamba Baba tulimzika miaka mingi iliyopita.

Alitazama chini. "Mngetuma mtu tu. Ningekuja hata kwa miguu." Halafu akanisogezea maji ninawe mikono.

Nimeona aibu, dada. Nilifurahia kupata jina jipya, sikufikiria kwamba huyu ni mtu aliyekuwa akimngoja kaka yake. Asubuhi hii amenipa chai, nikashindwa kumtazama usoni.

Ameomba kuliona kaburi, kwa hiyo Jumamosi tunakuja pamoja. Tandika kitanda cha chumba cha mbele. Na akishuka tu, kabla hajakaa, tafadhali mwite Shangazi.

Nawapenda nyote,
Kaka yako, Muthama