Kabla Sijaoga

Jumanne jioni, Burnsville

Nimeingia kutoka kazini, hata viatu sijavua, binti yangu Wanjiru akanirukia shingoni. Nikamfokea: "Subiri nioge kwanza!"

Mdomo ulinitangulia. Wakati wa korona, kila kitu kimefungwa, nilikuwa nahudumia wazee wagonjwa. Sare nilivulia gereji, baridi ikinikata, halafu mbio bafuni. Wanjiru, wakati huo wa miaka mitano, alikaa kwenye ngazi akisikiliza maji. Yakinyamaza ndipo alipokuja kunisalimia.

Miaka yote hii ameendelea kusubiri hivyo, hadi leo. Sikuwahi kumwambia zile siku zilikwisha. Sijui kwa nini.

"Mom, relax," akasema, na hakuniachia. Siku hizi kichwa chake kinanifika kidevuni.

Naandika haya na bado sijaoga.