Firigisi na Mguu wa Avimimus

Korogwe, Jumapili usiku

Firigisi! Hata mwanawe hajawahi kuionja, lakini leo Baba Shufaa kaitoa kwenye sahani yake akampa Mwalimu Zawadi, mwenzake wa biolojia aliyehamia kutoka Handeni.

Jogoo nimemnyonyoa mimi, nimempika mimi. Wao wakakaa kusifia mguu wake.

"Dada, tazama huu mfupa," Zawadi akaniambia. Angeniita wifi ningepoa kidogo. "Kuna dinosau anaitwa Avimimus, mguu wake ulikuwa hivihivi."

"Kwa hiyo alikuwa ndege?"

"Wataalamu bado wanabishana wamweke ukoo gani."

Mume wangu akacheka kwa raha. Mimi nikianza kuzungumza, anatafuta rimoti.

Pengine ni ukarimu tu. Naogopa kumuuliza, maana akinijibu...

Mgeni alipoondoka nikaanza kukusanya mifupa. "Mguu usiutupe," akasema Baba Shufaa, "Mwalimu atafundishia kesho." Nimeuosha, nimeukausha, nimeufunga vizuri kwenye mfuko.

Tangu niolewe, firigisi zote za nyumba hii nimezipika mimi. Ladha yake siijui.