Ubao Ulioufuata Nairobi

Fartun, abaayo,

Nakuandikia kwa kalamu. Ungenicheka, maana kompyuta yetu iko hapa mezani na inafanya kazi. Lakini haya niliyo nayo siwezi kuyapiga chapa. Nikiweka vidole kwenye herufi vinaganda.

Mvua imekwisha. Mabasi yanatoka Nairobi asubuhi na kuingia Garissa siku hiyohiyo, kana kwamba hapajawahi kuwa na maji. Mto Tana umerudi mkondoni mwake, na wenye mashamba kando ya mto wamepanda upya. Chumba chetu cha kupiga chapa nilikifungua tena mwezi uliopita. Watu bado wanakuulizia. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Ijara, anataka umwandikie barua ya kitambulisho cha mwanawe wa pili, kama ulivyomwandikia ya yule wa kwanza. Nilipomwambia kwamba hupo tena, alikaa kwenye benchi, akakuombea dua, akaondoka. Barua hakutaka niandike mimi.

Miaka sita tulikaa kwenye chumba kile, taipureta mbili zimetazamana. Mimi niliyetoka Taita nikaja kwa kazi ya mkataba na mkataba ukaisha, wewe uliyenikuta nikifunga mizigo ukaniambia, "Unaenda wapi na vidole kama hizo?" Hukuniita rafiki. Uliniita abaayo, dada, tangu wiki ile ya kwanza, na mama yako akanichinjia mbuzi kabla hata sijajua jina lake.

Wazo la kompyuta lilikuwa lako. Ulikuwa umeiona katika ofisi ya shirika moja la misaada, ukarudi macho yamekutoka. "Unakosea neno, unafuta, na karatasi haijui!" Sisi tulikuwa tukikosea herufi moja kwenye stensili ya mtihani, tunaanza ukurasa upya. Walimu wakuu walikuwa wameshaanza kupeleka mitihani yao Nairobi. Iliyo kamili hatukuiweza. Ndipo fundi mmoja akakwambia kwamba mtu anaweza kuinunua kipande kwa kipande na kuiunga mwenyewe, kama anayejenga nyumba chumba kwa chumba.

Ulinunua daftari. Ukauliza kila mtu aliyewahi hata kuipangusa kompyuta vumbi. Mimi nilitaka yenye kasi, yenye skrini kubwa, inayocheza muziki. Wewe kila kipande ulikiulizia habari za joto, za vumbi na za umeme. "Wakesho, hii kitu haitakaa Nairobi. Itakaa na sisi." Ukachagua sanduku pana la mtindo wa zamani kwa sababu mkono wako uliingia hadi ndani na kitambaa. Ukataka feni mbili. Ukanunua stabilaiza kabla ya skrini, kwa kuwa umeme wa jenereta za mji wetu unapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Nakumbuka dukani Nairobi ulimuuliza yule kijana, "Kombyuta hii itafumilia joto ya Garissa?" Akasema itavumilia. Ukamwambia, "Basi toa nje kwa jua, tukae nayo mpaka adhuhuri, tuone." Alidhani unatania. Uliburuta kiti mpaka mlangoni.

Nilikuwa nikiona haya, Fartun. Lazima niliseme hili, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Wewe hukuwa na haya ya kuuliza. Mimi nilikuwa nayo tele.

Ikabaki madabodi, ule ubao mkubwa ambao vipande vyote huchomekwa juu yake. Nilikuwa naenda nyumbani likizo, nikasema nitaununua nikipita Nairobi. Ulinipa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa aina inayokaa kwenye sanduku letu, na chini yake maneno uliyoyapigia mstari mara mbili: *ya zamani, si mpya*. Ukanikunjia mwenyewe, ukanitia kwenye mkoba.

Ulipofungua boksi niliporudi, ubao haukukaa. Matundu ya skrubu hayakukutana, na plagi ya umeme ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Ulinitazama ukasema, "Si nilikuandikia?" Nami nikakujibu kwamba niliwaonyesha karatasi wakanipa huo.

Ulikuwa uongo. Karatasi sikuitoa. Dukani palikuwa na wanaume wawili wa ofisini, wamevaa tai, wanazungumza habari za mashine mpya. Muuzaji akaniuliza nataka upi. Niliona aibu kutoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, nionekane mwanamke aliyetumwa dukani kama mtoto. Nikanyoosha kidole kwenye ule uliong'aa zaidi. Nikasema, "Huo mpya," kwa sauti ya mtu anayejua.

Ningekwambia tu. Ungenitukana kidogo, tungekunywa chai. Badala yake uliwaka kwa ajili yangu. "Wamekudharau kwa sababu wewe ni mpole. Mimi nitaenda wanione." Mawingu yalikuwa yameshajaa. Nikasema ngoja mvua ipite. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, kwa kuwa niliogopa ukiniuliza zaidi ningejikwaa kwenye maneno yangu. Asubuhi ukapanda basi.

Uliyoyapata njiani nimesimuliwa na wengine. Kwamba ulipokuwa ukirudi basi lilizama magurudumu upande ule wa Bangale, mbele maji, nyuma maji. Kwamba mlikaa siku nne mkila biskuti za abiria mmoja aliyekuwa akizipeleka dukani kwake, na mbu wakawala nyinyi. Kwamba hukulala ndani ya basi, ulimwachia mama mwenye mtoto mchanga kiti chako. Lori likawatoa hadi Madogo, mkavuka daraja la Tana kwa miguu. Uliingia chumbani kwetu umelowa mpaka kwenye nywele, boksi umelifunga kwa mifuko ya plastiki na shuka lako mwenyewe, likiwa kavu kabisa. Ukanikabidhi. Ukasema, "Wamebadilisha. Maneno imekwisha."

Hayo tu. Wewe, ambaye ungenisimulia safari ya sokoni kwa saa nzima, hukusema neno moja juu ya duka lile.

Homa ilianza siku ya tatu. Hospitali ilikuwa imejaa hadi varanda, nchi nzima ya huku ilikuwa ikitetemeka kwa malaria. Nilikulisha uji kwa kijiko. Nilikupangusa uso. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia, na kila asubuhi nikaona umechoka zaidi ya jana. Kulikuwa na mchana mmoja ulinishika kidole, ukanitazama kwa muda mrefu, ukauliza, "Abaayo, unataka kusema kitu?" Nikasema nataka unywe maji.

Walikuzika kabla ya alasiri. Nilikaa na wanawake nyumbani kwenu, nimejifunika leso, nisijue nisome nini. Mama yako alinishika mkono muda wote. Mkono ule ulinichoma, Fartun. Nilikuwa nikifikiri, angejua.

Vipande niliviweka juu ya kabati, nikavifunika kwa gunia. Miezi ikapita. Chumba nilikifunga, na wateja walioniuliza njiani nikawaambia mashine ina kasoro.

Kisha mama yako akaja. Alikuwa ametoka kuuza maziwa, na madumu matupu bado anayo mkononi. Alikaa kwenye mkeka, akauliza kwa kile Kiswahili chake kichache, "Kombyuta ya mtoto wangu iko wapi?" Nikamwonyesha gunia. Akauliza, "Kwa nini imelala?"

Nikamwambia yote. Karatasi, wanaume wenye tai, uongo, sauti yangu ndogo ile asubuhi ya basi. Nilisema nimepiga magoti, na sikumbuki nilipiga magoti saa ngapi. Alisikiliza huku tasbihi inapita vidoleni. Nilipomaliza aliiweka tasbihi magotini. Kisha akasema, "Najua."

Muuzaji alikwambia. Alikuambia palepale dukani kwamba yule dada hakuonyesha karatasi yoyote, alichagua mwenyewe. Na wewe ukarudi na siri hiyo, siku nne ndani ya maji, na homa ilipoanza ukamwambia mama yako huku unacheka. Kwa maneno ya mama yako: "Amesema, Hooyo, mama, Wakesho ameogopa mimi kwa sababu ya ubao. Mimi! Amesema, usimwambie najua. Atasema mwenyewe."

Sijui niliweke wapi neno hilo. Siku nyingine linanipoza. Siku nyingine naamka nalo limenikaba, kwa sababu kumbe ulikuwa ukingoja. Ule mchana uliponishika kidole ulikuwa umenifungulia mlango, ukaushikilia kwa nguvu zako za mwisho, na mimi nikakupa maji.

Nilimuuliza mama yako kama amenisamehe. Alisema ajali ya mtu, siku yake ya kufa, haisafiri kwa basi, ilikuwa imeandikwa kabla ya basi. Akasema tena, "Lakini uongo ni yako. Hiyo beba." Halafu akasema, "Fungua."

Nikaunga siku nzima, daftari lako wazi magotini. Yeye alinishikia skrubu kwenye kiganja, ananipa mojamoja. Ubao wako uliingia kama uliozaliwa humo. Nilipowasha, feni zote mbili zikavuma, herufi nyeupe zikatokea kwenye kioo cheusi, na mimi nikalia mpaka nikashindwa kusoma.

"Andika jina lake," akasema.

Nikaandika FARTUN, nikabonyeza. Mashine ikajibu kwa Kiingereza. Akauliza inasema nini. Nilitamani kumwambia inakusalimu. Ulimi ulikuwa tayari, Fartun, ule ulimi wangu mwepesi. Nikasema, "Hooyo, inasema haijui jina hilo."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shungi. "Itajua wapi?" akasema. "Imezaliwa leo."

Dada yangu, lala. Mungu wako na wangu akupe kivuli na maji baridi. Kila Ijumaa nitakwenda kwa mama yako, si kwa kulipa chochote, kwa kuwa deni hilo halilipiki. Nitakwenda kukaa naye kwenye mkeka. Na wasichana wawili wameanza kujifunza hapa. Wa kwanza jana alifuta kazi nzima ya mteja, akaniambia mashine imeila. Nilivuta kiti nikakaa karibu yake. Nakuahidi sikumkaripia. Nilimngoja, na jioni, kabla hajaenda, akasema ni yeye.

Wako,
Wakesho